Krismasi hii tuwatafute wanafunzi wanaobaki mjini, mimi nilitafutwa Ufaransa

Mhariri, kamwene na pole na kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Iringa, gazeti lenu nalisoma miaka mingi ila sijawahi kuandika hata mara moja, leo naomba nafasi. Barua imekuwa ndefu maana nimeiandika kwenye simu usiku watoto wakiwa wamelala, mkiona mpunguze punguzeni ila msitoe hii habari ya mayai mawili.

Krismasi iliyopita tumetoka kanisani kama saa tano hivi, mvua ya manyunyu, nikapitia duka la jirani hapa Kihesa kuchukua mafuta na viungo vya pilau. Mbele yangu kuna binti anahudumiwa, mayai mawili, skonzi mbili na sukari ya kupima. Akanisalimia shikamoo mama, nikaitikia, alafu nikamuuliza kama tunavyoulizana wote siku ile, haya kwenu mmepika nini leo? Akasema mama mi niko geto peke yangu, wenzangu wote wameondoka. Kumbe ni mwanafunzi wa chuo, mwaka wa kwanza, kwao Kigoma. Likizo yenyewe fupi, ukipiga siku za njiani kwenda na kurudi unakuta nyumbani unalala siku chache tu, na nauli ya kwenda na kurudi ndio hela ya kula ya mwezi mzima na bumu la mkopo wa chuo lilishaisha zamani. Kwa hiyo sikukuu yake ilikuwa ni yale mayai mawili na simu ya mama yake jioni kama data ingekuwepo.

Nilimwambia rudisha hayo mayai twende nyumbani. Akakataa kwa adabu, nikamwambia mwanangu mimi sikuombi, twende.

Sasa mhariri sijaandika ili nisifiwe, tena nimeandika kwa sababu imeniuma. Nimekaa Kihesa miaka yote hii, mageto ya wanafunzi yako nyuma ya nyumba yangu, kila Desemba napita pale na mfuko wa mchele na kuku mkononi, naona taa ya chumba kimoja inawaka na vingine vyote giza, na sikuwahi kujiuliza huyo aliyebaki anakula nini. Na katika watu wote wa Iringa mimi ndio sikutakiwa kusahau, kwa sababu mwaka 2019 mwanafunzi wa chumba kinachowaka taa peke yake nilikuwa mimi.

Nilipata skolashipu ya kwenda kusoma masters Lyon, Ufaransa. Niliondoka Septemba nikaacha mume na watoto wawili, mdogo ana miaka mitatu. Masomo nilijiandaa nayo, baridi nilijiambia mimi ni mtu wa Mufindi naijua baridi, lakini Desemba ya kule sikujiandaa nayo. Jua linatoka saa mbili na kitu asubuhi, saa kumi na moja jioni limeshazama, yani unaingia darasani giza unatoka giza. Tarehe 8 Desemba Lyon wana sikukuu yao ya taa, watu wanapanga mishumaa kwenye vikombe vya kioo madirishani mji mzima, desturi hiyo wanayo tangu 1852 waliposimamisha sanamu ya Bikira Maria kule juu kilimani Fourvière. Nilitembea usiku ule barabarani katikati ya maelfu ya watu na mishumaa kila dirisha, pazuri kuliko ninavyoweza kueleza, na nililia njia nzima kurudi chumbani maana kila dirisha lina watu ndani yake na la kwangu halina.

Baada ya hapo chuo kikaanza kupungua watu. Wafaransa wakaenda kwao, Wahispania wakaenda kwao, Wamoroko wakapanda ndege, kantini ya wanafunzi ikafungwa kwa likizo, korido yetu yenye vyumba zaidi ya ishirini tukabaki mimi na Mchina mmoja ambaye naye alikuwa hatoki. Nilikuwa nimeshanunua mchele, nyanya za kopo na kuku nusu, hiyo ndio ilikuwa sikukuu yangu, na nyumbani niliwadanganya kwamba chuo kimetuandalia sherehe.

Ndipo nikaona tangazo kwenye ubao, chama cha watu wanaojitolea kinatafuta wanafunzi wa kigeni ambao hawana pa kwenda Noeli, kuna familia zinawahitaji. Neno lilikuwa hilo hilo, zinawahitaji. Nikajaza fomu nikiwa siamini. Waliuliza vitu vya kawaida kabisa: nini huli, je unaogopa mbwa, unavuta sigara, ungependa kwenda kanisani au hapana, na utakaa siku ngapi. Hakuna malipo. Huko kuna familia zinazopokea wanafunzi wa lugha kwa kulipwa, ni kazi halali na wala sio mbaya, lakini hii haikuwa hiyo. Baada ya siku tatu nikapigiwa simu na mwanamke anaongea taratibu ili nimuelewe, akaniambia tunakaa milima ya Vercors juu ya mji wa Grenoble, tuna watoto wawili, mbwa mzee na mama mkwe wangu, karibu kuanzia tarehe 22.

Wanaokumbuka habari za mwaka ule watajua Desemba 2019 Ufaransa ilikuwa kwenye mgomo mkubwa kwa sababu ya mabadiliko ya sheria ya pensheni, ulianza tarehe 5 na treni nyingi zikafutwa mpaka sikukuu. Treni yangu ya Lyon kwenda Grenoble nayo ikafutwa. Nikamtumia yule mama meseji kwamba basi haiwezekani tena, asante kwa moyo wenu. Akajibu mume wangu ameshatoka. Baba wa watu ameendesha gari kilomita kama 130 kuja na nyingine hizo hizo kurudi, usiku, barabara ya milimani yenye kona kama za Kitonga, kumfuata mtu ambaye hata sura yake haijui. Nilivyofungua mlango wa jengo nikamkuta amesimama na karatasi ameandika jina langu kwa kukosea herufi moja. Ile karatasi ninayo mpaka leo kwenye Biblia.

Kijiji chao kiko mita 1,000 na kidogo juu ya bahari. Nilipowaambia Iringa mjini ni kama mita 1,600 na Njombe inakaribia 2,000 walishangaa sana, walidhani natoka jangwani, nikawaeleza mwezi wa sita na wa saba kwetu Njombe na Makete majani yanaamka meupe kwa barafu na watu wanavaa makoti. Ila theluji hatuna. Kule ilikuwa juu kwenye vilele na mabaki kidogo kwenye vivuli vya nyumba, watoto wakanipeleka kuishika.

Nilikuwa nimebeba zawadi, chai ya Mufindi pakti mbili na kikapu cha milulu alichosuka shangazi yangu. Chai walikunywa kwa heshima maana wao ni watu wa kahawa. Kikapu alikichukua bibi. Huyu bibi alikuwa na miaka 84, anakaa kwenye nyumba ya wazee chini mjini na wanamleta kwa sikukuu, na mimi kusema kweli mwanzo hilo liliniudhi, nilijiuliza mama mzazi unampelekaje kituoni. Nikiwa pale nilinyamaza nikaangalia. Nyumba yao ina ngazi, bibi hapandi ngazi tena, mume na mke wote wanatoka kazini saa moja jioni, mwanae anaenda kumuona kila Jumatano na kila Jumapili. Sijasema ni sawa na sijasema si sawa, ila niliacha kuwahukumu. Bibi alikichukua kikapu akakigeuza geuza, akapitisha kidole kwenye kila mshono, akauliza nani amekisuka, anaitwa nani, ana watoto wangapi, alafu akajaza humo zile njugu zao zenye ganda gumu kama mbao ambazo upande wa Grenoble ndio kwao, akakiweka katikati ya meza na hakikutoka pale mpaka naondoka.

Kuna jambo la lugha nataka kulisema kwa sababu wengi wetu tunadhani Wazungu hawana shikamoo. Kifaransa kina wewe mbili, ya mtu wa karibu na ya heshima, na bibi yule alinisemesha ile ya heshima siku mbili nzima, mimi mtoto kwake. Nilivyowafundisha wale watoto shikamoo na maana yake waliipenda mno, asubuhi wanashuka ngazi mbio shikamoo bibi, na bibi nikamfundisha marahaba, akawa anaitikia kwa sauti kuuubwa. Siku ya tatu akaanza kuniita kwa ile wewe ya ndani. Mama mwenyeji akaninong'oneza jikoni, umesikia? Nilikuwa nimesikia.

Tarehe 24 usiku ndio wenyewe wanakesha, na mlo wao si wa kukaa dakika kumi. Tulikaa mezani saa mbili usiku tukaondoka imepita saa sita. Kinakuja kitu kimoja, mnaongea, kinaondoka, kinakuja kingine. Chaza wabichi kutoka baharini, hao nilionja mmoja nikasema asante, samaki wa kukaushwa kwa moshi, ini la bata la kupaka kwenye mkate, jogoo aliyenona mkubwa kama bata mzinga na viazi vilivyopikwa na maziwa kwenye oveni ambavyo ndio sifa ya mkoa wao, kisha saladi, kisha jibini aina tano mojawapo ya palepale kijijini ina mishipa ya bluu, na jibini kwao inakuja kabla ya kitamu sio baada. Mwisho keki ya umbo la gogo, na baba akanieleza zamani lilikuwa gogo la kweli, familia inaweka motoni usiku wa Noeli liwake taratibu muda mrefu, majiko ya zamani yalipoondoka gogo likahamia kwenye keki. Nikamwambia kwetu Mafinga magogo ni maisha, Sao Hill msitu unaendesha gari muda mrefu haujaisha. Mlo wa namna hiyo wa Wafaransa UNESCO waliuingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2010, na nilipokaa pale nilielewa kwa nini, sio kwa ajili ya chakula, ni kwa ajili ya kukaa. Simu zote zilikuwa kwenye kabati. Mkate unawekwa moja kwa moja kwenye kitambaa cha meza sio kwenye sahani, na nilivyouweka umegeuka tumbo juu bibi akanyoosha mkono akaugeuza bila kusema kitu, baadae nikaambiwa mkate uliogeuzwa zamani ulikuwa wa mnyongaji, hata leo wazee hawapendi kuuona hivo.

Kabla ya chakula tulikuwa kanisani. Baba mwenyeji hasali, mwenyewe ameniambia wazi, lakini kwenye fomu niliandika ningependa kwenda kanisani kwa hiyo akanipeleka. Misa ya usiku haikuwa usiku wa manane, ilikuwa saa moja na kijiji cha jirani, maana padri mmoja anahudumia vijiji vingi sana na Noeli inazunguka. Kanisa lenyewe ni mali ya halmashauri ya kijiji, Ufaransa sheria ya 1905 ilitenganisha dini na serikali na makanisa yaliyojengwa kabla ya hapo yakabaki mali ya umma. Ndani baridi, wazee wengi, vijana wachache. Nilikumbuka Tosamaganga tulivyokuwa tunabanana mpaka wengine wanasimama nje na miavuli, kwaya inaimba mpaka vumbi linaamka. Huyu baba asiyesali alikaa na mimi mpaka mwisho, na wakati wa kutakiana amani alinishika mikono yote miwili.

Tulivyorudi, kwenye pango walilotengeneza kwa karatasi na majani ya msituni kulikuwa na Maria na Yosefu na wanyama ila mtoto hayupo, wao hawamuweki mpaka usiku ule. Mtoto mdogo wa nyumba ndio humuweka. Na kabla ya kulala mama akaniambia leta kiatu chako. Sikuelewa. Kule viatu vinapangwa chini ya mti, kila mtu cha kwake, na zawadi inawekwa pale. Nikaweka kiatu changu, raba nyeusi ya kununua Iringa pale Mashine Tatu, pembeni ya buti zao. Asubuhi nikakuta humo glovu za sufu na skafu. Toka nimeshuka kwenye gari kumbe waliona vidole vyangu, hakuna aliyesema kitu, bibi alikuwa ameanza kuifuma ile skafu tarehe 22 usiku akaimaliza tarehe 24. Mhariri, mume wangu alinipigia saa ile nikashindwa kuongea akadhani nimefiwa.

Siku nyingine walinipeleka Vassieux, kijiji cha humo humo Vercors, kuna makaburi meupe ya watu waliouawa na Wajerumani Julai 1944 walipoivamia ile milima kwa sababu wapiganaji wa Ufaransa walikuwa wamejificha huko. Kijiji kilichomwa, wanakijiji waliuawa na watoto wakiwemo. Nikaambiwa kwenye ile milima walipigana hata askari weusi waliotoka makoloni ya Afrika Magharibi. Bibi alikuwa na miaka tisa wakati huo, anakumbuka mama yake alivyowaficha msituni na njaa waliyolala nayo. Nikawaambia hata sisi Iringa Wajerumani tunawajua, nikawasimulia vita ya Lugalo 1891 Wahehe walipowapiga, ngome yetu ya Kalenga ilivyobomolewa kwa mizinga 1894, chifu Mkwawa alivyowasumbua miaka minne msituni mpaka 1898 akajiua asishikwe, na kichwa chake kilivyokatwa kikapelekwa Ujerumani, fuvu likarudi 1954. Walikuwa hawajawahi kusikia. Bibi akauliza, na waliomficha? Nani alikuwa anampa chakula? Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivo, mimi mwenyewe mtu wa Iringa sikuwahi kuuliza. Nikamwambia ni watu wa kawaida bibi, wa vijijini, na wengi waliuawa kwa hilo. Akasema ndio, huwa ni hao.

Usiku ule nilimuuliza mama mwenyeji kwa nini wanafanya hivi, kuchukua mtu wasiyemjua kila mwaka, maana kabla yangu alishakuja Mvietnam na kijana wa Kolombia. Akanieleza kuhusu Agosti 2003. Alikuwa nesi mwanafunzi, joto kali likaingia Ufaransa, watu wako likizo, wazee wamebaki peke yao kwenye maghorofa, wakafa karibu elfu 15 ndani ya wiki chache. Wengine waligunduliwa na harufu. Alisema wale wazee wasingefungiwa mlango na mtu yeyote, kama wangebisha wangefunguliwa, tatizo hakuna aliyebisha na hakuna aliyekwenda kubisha kwao. Basi yeye na mumewe walivyooana wakakubaliana nyumba yao haitasubiri kubishiwa hodi.

Hapo ndipo mhariri ninapotaka wasomaji wenzangu waniangalie usoni. Sisi ni watu wa mgeni njoo mwenyeji apone, ni kweli na mimi nasema kwa kifua, mgeni akibisha hodi Iringa au Njombe au Mbeya halali njaa. Lakini yule binti wa Kigoma asingebisha hodi. Amelelewa vizuri, hawezi kwenda nyumba ya watu siku ya sikukuu harufu ya pilau inatoka dirishani akasema naombeni. Mgeni wa namna hiyo hatukumnyima, hatukumtafuta, na kwake yeye aliyekaa na yale mayai mawili haina tofauti yoyote.

Sitaki kusema Ulaya wako vizuri kuliko sisi, nimekaa kule najua upweke wao, na wenyewe wanakiri ndio maana wakaunda hicho chama. Ila na sisi mambo yamebadilika tukubali. Wakati nasoma mimi chuo kilikuwa mbali, leo Iringa mjini peke yake tuna chuo cha Mkwawa, tuna Chuo Kikuu cha Iringa, tuna Ruaha Katoliki, ukiacha vyuo vya kati, Mbeya nako wana chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, MUST, na vingine, watoto wanatoka Bukoba, Mtwara, Kigoma, Pemba. Wanapanga mageto kwenye mitaa yetu, wanatupa kodi, watoto wetu wanawasaidia hesabu bure. Desemba mama mwenye nyumba anafunga geti anaenda kijijini Ilula au Kilolo, mtoto wa watu anabaki na ndoo na jiko la gesi dogo.

Nimefikiria namna rahisi na nimeshaongea na wenzangu wa jumuiya. Mwezi wa kumi na moja hapohapo kwenye misa na ibada watangaze, familia inayoweza kupokea mwanafunzi mmoja au wawili tarehe 24 na 25 ijiandikishe. Serikali za wanafunzi vyuoni zinawajua wanaobaki, zikusanye majina kimya kimya bila kuwapanga watu mstari kama wanaogawiwa msaada, kwa sababu huo sio msaada. Mabinti waende wawili wawili, na nyumba wanayokwenda mwenyekiti wa mtaa aijue, hilo nasisitiza kama mama na kama mwalimu. Wasiulizwe dini. Mwanafunzi Mwislamu naye anabaki geto siku ile na njaa haiangalii kadi ya ubatizo, na ndugu zetu Waislamu Idi ikifika wanaweza kufanya vilevile kwa wao na kwa wetu. Fomu iwe fupi kama ile niliyojaza mimi, huli nini, unaogopa mbwa? Na tusiwafanye wakae sebuleni kama wageni rasmi na soda mkononi. Mimi furaha yangu kubwa kule ilikuwa siku ya pili nilipopewa kisu nimenye viazi.

Kuna kitu kingine cha kule nimekihifadhi kwa makusudi. Nilirudi tena kwao wikendi ya mwanzo wa Januari, sikukuu ya Mamajusi, wana keki ya duara wanaiita galette, ndani wanaficha kidude kidogo cha udongo na atakayekipata anavishwa taji la karatasi. Mtoto mdogo anaingia chini ya meza ili asione, mama anakata kipande anauliza hiki cha nani, mtoto anataja jina. Tulikuwa sita mezani lakini mama alikata vipande saba. Nikahesabu tena. Nikauliza, bibi akasema cha saba ni cha maskini, cha mtu atakayepita, enzi za mama yake walikuwa hawali keki hiyo bila kukata na hicho. Nikamwambia nyanya yangu kule Mufindi alikuwa anaacha ugali kwenye chungu kila usiku na kukifunika, tukimuuliza anasema ni wa mtu wa njiani, na sisi watoto tulikuwa tunaugombania asubuhi maana mtu wa njiani mara nyingi hakuja. Bibi alicheka mpaka akafuta machozi, akasema na sisi tulikuwa tunagombania asubuhi.

Ile ndio mara ya mwisho nilimuona. Machi ikaja Korona, nyumba za wazee zikafungwa wasitembelewe, tarehe 17 nchi nzima ikafungiwa ndani, unatoka na karatasi ya ruhusa kwa muda wa saa moja tu. Yule mama alinipigia kila jioni mwezi mzima kuniuliza nimekula nini, yeye nesi anayetoka kazini amechoka hivo. Aprili akanipigia asubuhi badala ya jioni nikajua. Wazee wengi sana waliondoka kwenye nyumba zile siku zile bila mtoto wao kuwashika mkono, na bibi akiwa mmoja wao. Kikapu cha shangazi yangu kilikuwa chumbani kwake, walikiona siku wanachukua vitu.

Skafu ninayo. Mwezi wa saba navaa nikienda shuleni, wanafunzi wangu wanajua ni skafu ya bibi wa Ufaransa.

Mwaka huu godoro la wageni nimeshalitoa juani. Binti wa Kigoma yuko mwaka wa pili sasa, ameshaniambia anakuja tena na ataleta mwenzake wa Newala ambaye hajawahi kukaa Krismasi nje ya kwao, na mama yake kutoka Ujiji ameshatuma migebuka na mawese kwenye basi, na binti mwenyewe ameniomba nisipike pilau tu, tarehe 24 jiko aachiwe yeye.

Mwalimu,
Kihesa, Iringa